Nani Akae Wapi: Mwongozo Kamili wa Kupanga na Kukalia Meza za Sherehe, Mbeya hadi Iringa

Chakula kikipungua ukumbini, watu watalalamika wiki moja. Shangazi akikosa kiti, habari hiyo itasimuliwa mpaka mtoto wa pili wa maharusi atakapobatizwa. Pamoja na hayo, hudhuria vikao vya kamati kuanzia Uyole hadi Ipogolo, utakuta jioni nzima imeishia kwenye mapambo, keki na gari la maharusi. Suala la nani akae wapi huachiwa vijana wa mapokezi, saa mbili kabla ya wageni kufika.

Hapa tunafuata kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa sendofu au harusi ya watu 150 hadi 300. Mwishoni tunamgeukia mgeni mwenyewe, yule anayekalishwa meza moja na watu tisa asiowajua.

Hesabu viti, usihesabu kadi

Katibu akisema "tumetoa kadi 120" bado hajasema kitu. Kadi ya double ni viti viwili, ya single ni kimoja. Kadi 80 za double na 40 za single ni viti 200. Juu ya hapo weka watu wanaosahaulika kwa sababu wanakuja kufanya kazi: wajumbe wa kamati wenyewe, MC na wapiga muziki, mpiga picha, wa video, madereva wa msafara, na kwaya kama imealikwa. Hao nao wanakaa na wanakula, na ni rahisi kufika 30. Sasa una 230. Ongeza meza mbili za akiba za watu kumi kumi, zilizopambwa sawa na nyingine ila hazijapewa mtu. Jumla viti 250.

Kuna mjumbe atakayesema wageni huwa hawafiki wote, basi tupunguze. Kweli hawafiki wote. Ila wanaofika huja na mdogo wao, au na jirani aliyewapa lifti. Acha mambo hayo mawili yafutane, usiguse hesabu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atapakatwa. Zaidi ya hapo ni kiti, hata kama kadi imeandika kwamba watoto hawaruhusiwi.

Sasa pima ukumbi. Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.5, ile ya futi 5, inakalisha watu 8. Ya mita 1.8, yaani futi 6, inakalisha 10. Sababu yake ni kwamba kila mtu anahitaji ukingo wa sentimita 60 hivi ili kiwiko chake kisiingie kwenye sahani ya mwenzake. Meza ya mita 1.5 ina mzunguko wa mita 4.7, ugawe mwenyewe. Ile ya mita 1.8 ina mita 5.65, kwa hiyo kumi wanakaa kwa kubanana kidogo, na kama viti ni vya plastiki vyenye mikono weka tisa. Mwenye ukumbi atakwambia hata meza ndogo inabeba kumi. Inabeba, mpaka chakula kifike.

Kati ya ukingo wa meza moja na ukingo wa nyingine acha mita 1.5. Viti viwili vilivyopeana mgongo, watu wakiwa wamekaa, vinakula karibu sentimita 90; zinazobaki 60 ndiyo njia ya mhudumu mwenye trei. Ukipunguza hapo, supu itamwagikia mtu, na mara nyingi atakuwa amevaa sare ya kitenge iliyoshonwa kwa siku hiyo. Njia kuu ya maharusi iwe mita 2, kwa sababu wanapita wawili wawili na gauni linaburuzwa.

Kwa vipimo hivyo, meza ya watu kumi pamoja na nafasi yake inachukua mita 3.3 kwa 3.3, karibu mita 11 za mraba. Chukua ukumbi wa mita 25 kwa 16, ambao ni mita za mraba 400. Jukwaa litachukua 64, uwanja wa kucheza 48, bufee na foleni yake 40, njia kuu 30. Zinabaki 218, ambazo ni meza 19, watu 190. Ukumbi huohuo mwenyewe anasema unaingia watu 350, na hadanganyi: alihesabu viti vya safu, kama vya mkutano. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kulipa kianzio ni "watu wangapi wakikaa kwa meza?" Kwa sherehe yetu ya viti 250, ukumbi huu hautoshi. Ama mtafute mwingine, ama mtoe meza sita nje chini ya turubai.

Kuhusu turubai kuna jambo moja ambalo watu wa Tukuyu wanalijua kuliko wa Iringa. Ardhi iliyoloa inameza miguu ya viti vya plastiki, na anayeanguka huwa mzee mzito aliyeegemea nyuma. Tandika mbao au mabusati magumu chini ya meza zote za nje, hata kama asubuhi jua limewaka.

Chora ramani, kisha ipe kila meza jina

Ramani ni karatasi moja: mstatili wa ukumbi, mlango, jukwaa, spika, mlango wa jikoni, vyoo, na viduara vya meza. Ichoreni ukumbini penyewe, siyo kwenye kikao, kwa sababu nguzo za katikati huwa hazikumbukwi hadi mtu akalishwe nyuma yake na asione keki ikikatwa.

Meza kuu ni ya watu wanne tu, maharusi na wasimamizi wao. Mkimruhusu mtu wa tano, hata awe kaka wa bwana harusi, wa sita hadi wa kumi wataomba kwa hoja ileile. Wazazi wa pande zote mbili wanakaa chini ya jukwaa, mstari wa mbele, upande wa mtoto wao. Ndugu wa karibu wanafuata nyuma ya wazazi, kisha majirani na jumuiya, kisha wafanyakazi wenzao na marafiki. Kamati inakaa karibu na jikoni. Ndiko kwenye kazi, na mjumbe hawezi kununa kwamba amekalishwa pabaya ilhali yeye ndiye aliyechora.

Namba zina ubaya wake. Mtu akisoma kwamba yuko meza namba 17, anahesabu waliomtangulia. Mpe jina. Meza ya Kitulo, ya Ngozi, ya Matema, ya Loleza, ya Isimila, ya Kalenga. Nyanda za juu zina majina ya kutosha ukumbi wowote, na hakuna anayeweza kusema kama Kitulo iko juu au chini ya Isimila. Andika jina la meza kwa kalamu nyuma ya kadi pale mtu anapothibitisha kuwa anakuja. Usilichapishe, maana orodha itabadilika mara tatu.

Meza za wakwe

Hapa ndipo penye uzito. Kwenye sendofu, wenyeji ni upande wa bibi harusi, na upande wa bwana harusi unakuja kwa msafara, unapokewa kwa vigelegele na kukalishwa pamoja. Kupitia mshenga, ulizeni idadi yao wiki moja kabla. Mshenga akisema 40, wekeni meza tano za watu kumi. Kisha mwekeni mtu mzima wa kulinda meza hizo, siyo kijana wa miaka 18, kwa sababu wageni wa mapema wataziona ziko wazi na mbele, na mama wa makamo akishakaa kijana hawezi kumwinua. Msafara huchelewa, saa nzima ya kuchelewa ni kawaida. Wakifika na kukuta meza mbili tu, wakatawanywa huku na kule, hawatasema neno. Watalisema kwao.

Jambo la pili linahitaji sikio. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe wake walikuwa wakiepukana kabisa: hawakutazamana, hawakukaa chumba kimoja, na akimwona mzee anakuja njiani, mwanamke alipinda. Leo mjini wengi hawalishiki hilo, wanasalimiana na kupiga picha pamoja. Lakini bado wapo wazee, hasa wanaotoka vijijini Kyela, Busokelo na Rungwe, ambao mkamwana akiwekwa kiti cha kando yao hawatakula. Watashika sahani tu.

Kamati nyingi humfikiria bibi harusi peke yake, ambaye wala si tatizo, maana yuko jukwaani. Tatizo ni wake wa kaka zake bwana harusi. Kila mmoja wao ana baba mkwe humo ndani, na mara nyingi orodha huwaweka wote "ndugu wa bwana harusi, meza ya Matema." Watenganisheni kwa meza mbili, na viti vyao visitazamane. Kwenye foleni ya chakula wasipangane mmoja nyuma ya mwingine. Dawa nyepesi ni mzee kuletewa chakula mezani. Mkwe wa kiume na mama mkwe nao wasibananishwe kiti kwa kiti. Kama hamjui familia inashika kiasi gani, muulizeni shangazi. Baba mwenyewe atawajibu kwamba haina shida, kwa adabu, na hamtajua kitu.

Wazee na rika lao

Wanyakyusa walikuwa na vijiji vya rika: vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kula pamoja, na hiyo raha ya kuketi na wenzako mkizungumza ina jina lake, ukwangala. Vijiji hivyo havipo tena kwa namna ile, ila kanuni yake bado ni nzuri ukumbini. Mzee mkalishe na wazee wenzake, hata kama hawajuani, kuliko kumkalisha na wajukuu zake wanaotazama simu. Mkulima wa miaka 70 wa Mufindi na mwalimu mstaafu wa Mbozi wa umri huohuo watapata la kusema kabla soda haijafunguliwa. Mkuu wa idara wa miaka 35 ukimweka hapo kwa sababu ya cheo chake, meza nzima itanyamaza.

Usiijaze meza ya wazee. Weka nane penye kumi, kwa sababu ya fimbo, makoti na wanaohitaji kunyoosha goti. Iwe karibu na vyoo lakini isitazame mlango wake.

Vinywaji, dini na nyama

Msichanganye meza za bia na meza za soda kwa kudhani watu ni watu wazima. Mchungaji wa Moravian au wa Kipentekoste hatakemea mtu, ila meza itapooza, na wanywaji watahamia nje na viti vyao. Wekeni meza za vileo upande mmoja wa nyuma, kwa kuponi, mbili kwa kila mtu kama bajeti ni ya kawaida. Ulanzi, yaani pombe ya mianzi, ukiletwa, uende huko huko, kwenye majagi yenye vifuniko. Unaendelea kuchacha, na chupa iliyofungwa kwa nguvu huweza kufoka kwenye kitambaa cheupe.

Kitimoto, ambayo kwa Iringa na Njombe ni vigumu kuikosa, iwe na meza yake ya kupakulia, mhudumu wake na kijiko chake, mbali na bufee kuu. Kibao cha "nguruwe" kando ya kuku hakitoshi. Muislamu anayeona kijiko kimoja kikizunguka vyombo vyote atakula matunda, na atakuwa amekosewa.

Baridi, spika, jikoni

Juni hadi Agosti, meza za mlangoni Mbeya mjini, na zaidi Njombe na Makete, ni adhabu baada ya saa mbili usiku. Vijana wanaocheza wakae huko. Wenye watoto wachanga wakae ukutani upande usio na mlango. Mbele ya spika, ndani ya mita 5, asikae mzee wala mtoto. Wakae marafiki wa bwana harusi, ambao hata hivyo hawatakaa.

Mlangoni

Wapokeaji: mmoja kwa kila wageni 50, na mkuu mmoja mwenye ramani. Meli kubwa za kitalii, zile zinazolisha maelfu kwa jioni moja, zina utaratibu unaofaa kuigwa: abiria anayechagua mpango huo anapewa meza yake na zamu yake, na asiyeridhika humwona kimya kimya msimamizi wa chumba cha chakula, mtu mmoja tu, naye ndiye anayehamisha. Ukumbini wageni wakiweza kuhamishwa na kila mjumbe, ifikapo saa moja na nusu ramani itakuwa karatasi ya kufungia maandazi.

1. Mpokeaji anaangalia kadi, anasoma jina la meza, anamwongoza mgeni mpaka kwenye kiti. Kuonyesha kwa kidole hakutoshi.

2. Anaanza kujaza viti vinavyotazama jukwaa, vilivyoligeuzia jukwaa mgongo vinafuata. Hakuna anayechagua mgongo akifika wa kwanza, kwa hiyo waliochelewa ndio wavichukue.

3. Anawatambulisha waliokaa: "Mama, huyu ni jirani yao bibi harusi kutoka Sae." Sentensi moja inatosha. Mkiiacha, watu kumi watatazamana saa mbili bila kujua kama wako upande mmoja.

4. Asiye na kadi hakatazwi mlangoni mbele ya watu. Anapelekwa kwa mkuu wa mapokezi, anayeamua kumpa meza ya akiba. Meza hizo zisiguswe na mtu mwingine yeyote hadi maharusi waingie.

5. Kiongozi akichelewa, mtu aliyekwisha kaa hainuliwi kumpisha. Ongezeni kiti mezani, au apewe meza ya akiba iliyosogezwa mbele. Anayeinuliwa mbele ya mke wake hasahau.

Wewe uliyealikwa

Fika, onyesha kadi, na subiri kuongozwa hata kama umemwona binamu yako kule mbele. Ukifika mezani, salimia kwanza ndipo uvute kiti. Shikamoo kwa wakubwa, ukianzia mkubwa kuliko wote na siyo aliye karibu. Ukijua kwamba meza ni ya Wahehe au Wabena, "kamwene" itakufungulia mlango haraka kuliko jina la kazi yako. Mkono mpe mzee huku ukishika kiwiko chako kwa mkono wa pili. Kisha sema wewe ni nani kwa maharusi: "Nimesoma na bwana harusi." Hapo watakuweka mahali pako.

Kushika kiti kwa ajili ya mwenzako ni sawa, kwa kiti kimoja na kwa muda wa nusu saa. Koti likilala juu ya viti vinne mpaka chakula kinaitwa, huo ni uvamizi. Mkoba weka nyuma ya mgongo wako au mapajani. Chini utakanyagwa, na juu ya meza unakula nafasi ya sahani mbili.

Soda na maji vilivyopangwa mezani ni kimoja kwa kila mtu mpaka wote wawe wamefika. Usifungue ya pili wakati viti viwili bado viko wazi. Ukitaka kubadilisha Fanta na Coca-Cola ya jirani, muombe. Usinyooshe mkono kupita mbele yake. Maji ya kunawa yakiletwa kwa jagi na beseni, yaanzie kwa mkubwa, na kijana wa meza ndiye amiminie wengine kama mhudumu amezidiwa.

MC akiita meza yenu, inukeni wote kwa pamoja. Foleni inayopokea mtu mmoja kila sekunde 15 inahudumia watu 190 kwa dakika 47 hivi. Bufee ya pande mbili inapunguza hadi 24. Ucheleweshaji mkubwa hutoka kwa meza zinazojivuta mmoja mmoja, na kwa baridi ya huku anayekula wa mwisho anakula pilau iliyopoa. Nyama huwa na mhudumu wa kupakua. Pokea alichokupa bila kubishana, wali na ndizi jipakulie kiasi. Ukirudi, mngoje angalau mwenzako mmoja wa kushoto na wa kulia kabla ya kuanza. Kwenye meza yenye mzee, yeye ndiye wa kuanza.

Mazungumzo ya mezani yaende kwenye bei ya viazi, barabara, mvua, na namna maharusi walivyokutana. Msiulizane kiasi cha mchango alichotoa mtu. Hata kwa utani.

Kama umekaa na mtu aliyezidiwa na kinywaji au anayekusumbua, usihame kimya. Nenda kwa mkuu wa mapokezi, mwambie kwamba unahitaji kukaa karibu na mlango kwa sababu ya mtoto, au ya kifua, au ya chochote. Atakuelewa, maana ameshaiona meza hiyo.

Zamu ya zawadi ndiyo inayopoteza viti. Upande mzima huinuka na kwenda mbele ukicheza, unakaa huko robo saa, na meza zao zinakaliwa na waliochoka kusimama. Kabla ya kuinuka acha mtu mmoja mezani, au inamisha kiti kiegemee ukingo wa meza. Ukumbini kila mtu anajua maana yake ni kwamba mwenyewe anarudi. Funika sahani yako kwa kitambaa, maana wahudumu huchukua sahani yoyote isiyo na mtu. Simu ondoka nayo.

Muziki ukikolea na kamati ikaanza kusogeza meza za mbele ili kupanua uwanja, wahamisheni kwanza wazee kwenda kwenye meza za nyuma zilizobaki wazi, mkiwabebea soda na makoti yao, ndipo msogeze meza. Maua ya mezani na vitambaa vya viti vimekodiwa kwa mpambaji. Vibaki.